Mistari Kumi na Mmoja

Lieven Dewaele alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Ukimkaribisha kwako na picha ukutani imepinda, hatakula kwa raha mpaka ainuke aiweke sawa, kisha akuombe radhi kwa kuigusa. Mkewe Hedwig, muuza dawa kwenye famasia ya mtaa wetu wa Ledeberg hapa Gent, Ubelgiji, alikwisha kumkatia tamaa. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba ameolewa na rula.

Mchana Lieven alitunza programu za kusoma mita kwenye ofisi ya maji. Hiyo ilikuwa kazi ya kula. Kazi ya moyo ilikuwa ya alfajiri, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja, kwenye meza ya jikoni, kahawa ikipoa pembeni. Miaka saba hakuikosa, isipokuwa wiki aliyomzika mama yake.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa na jukwaa ambalo juu yake watu huandika programu, na nusu ya dunia ilikuwa ikilitegemea: mabenki, mahospitali, hata ofisi ya maji. Kulitumia ilikuwa bure, lakini kulifungua ukalirekebisha na kumgawia jirani, marufuku. Lieven na wenzake wapatao thelathini, waliotapakaa kuanzia Ureno hadi Ufini, wakaamua kujenga jukwaa jingine lifanyalo kazi sawasawa na lile, ila liwe huru, kila mtu alifungue na alirekebishe apendavyo. Hakuna aliyewatuma na hakuna aliyewalipa. Walikuwa hawapendi kufungiwa mlango, basi.

Nao walikuwa na mwiko mmoja. Supu ya jirani unaruhusiwa kuionja mpaka ushibe, ukaenda kupika yako ikafanana nayo kwa ladha, lakini jikoni kwake usichungulie. Kampuni ilikuwa ikiwaonyesha watu maandishi ya ndani ya programu yake, kwa masharti. Mtu wa kundi la Lieven akiyasoma sehemu fulani, hata nusu ukurasa, kwa sehemu ile mkono wake hauaminiki tena. Nani atajua kama anachoandika amekitunga au amekikumbuka? Siku mawakili wakikuta mistari inayofanana, miaka saba ya watu thelathini imekwenda na maji.

Mlinda mlango wa mwiko huo alikuwa Lieven mwenyewe. Kila mgeni aliyetaka kujiunga alipata kutoka kwake barua pepe yenye swali moja: umewahi kusoma maandishi ya kampuni? Aliwahi kumkatalia binti mmoja wa Antwerpen, Noortje, aliyejibu bila kuficha kwamba mwalimu wake wa chuo aliwasomesha muhula mzima. Noortje akamwandikia: "Kwa hiyo ningedanganya mngenipokea?"

Lieven akamjibu: "Tungekupokea. Ila usingizi ungekukimbia."

Binti hakununa. Akaingia katika lile kundi dogo la waliokwisha kuona, ambao kazi yao ilikuwa kutunga majaribio tu: wanauliza programu maswali magumu na kutazama kama inajibu sawa, bila kugusa namna inavyojibu.

Sehemu ya Lieven ilikuwa tarehe na saa, na aliichagua kwa sababu. Mama yake alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha pamba, zamu ya usiku. Usiku ule ambapo huku Ulaya saa zote hurudishwa nyuma majira ya joto yakiisha, ikigonga saa tisa watu husema ni saa nane tena, kwa hiyo saa ile huja mara mbili. Asubuhi moja mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema amesimama mbele ya mtambo kwa saa nzima ambayo haimo kwenye karatasi yoyote. Hakulalamika, alikuwa akishangaa tu. Lieven alikuwa na miaka ishirini, na neno lile lilimkaa. Alipopata programu yake ya kuandika, alitaka saa ile ihesabiwe. Na ndiyo iliyomshinda. Kila jaribio la Noortje lilipita isipokuwa hilo: saa nane ya pili, Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Programu yake iliimeza kila mara.

Jumanne ya tarehe mbili Novemba, mwaka 2004, ofisini, mwenzake Gunther alimwita akiwa na mkate mkononi na makombo juu ya kibodi.

"Lieven, hebu njoo ushangae. Kuna mita mia nne zimesomwa kabla hazijasomwa."

"Ni ile saa nane ya pili," Lieven alisema, hata kabla hajafika.

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimefungua nione wale wa kampuni wanaifanyaje."

Lieven akainama nyuma ya bega la Gunther, akasoma. Alisoma kama unavyosoma kibao cha barabarani, macho yakitangulia na akili ikifuata. Mistari kumi na mmoja. Kwenye wa kumi na mbili akashtuka, akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Yalikuja na programu. Yamo humo humo."

"Kwenye mashine yangu niliyafuta siku ya kwanza."

"Hii si mashine yako, bwana. Halafu ni maandishi tu, si picha za watu uchi." Gunther akacheka mpaka akapaliwa na mkate. "We nawe! Umekuwa mwekundu kabisa."

Lieven akaenda msalani, akanawa mikono kwa sabuni. Alijiona mjinga, lakini akanawa mara ya pili.

Hapa ndipo ninapomlaumu, na nampenda. Siku ile ile angeandika barua ya mistari mitatu: nimeona, sikukusudia, naondoka kwenye sehemu ya tarehe. Wangemtania mwezi mmoja, yakaisha. Lakini alijiambia ni mistari kumi na mmoja tu, na kwamba amekwisha kuisahau. Pia alijua kwamba akiiandika barua ile, saa ya mama yake ataimaliza mtu mwingine. Basi akanyamaza.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo alikuwa akimenya viazi. Hedwig alikuwa anakatakata vitunguu, redio ikisoma matokeo ya mbio za baiskeli. Kiazi kikiwa nusu mkononi, jibu likamjia lote kwa pamoja: usiulize sasa ni saa ngapi, hesabu muda uliopita, na jina la saa lije mwisho kabisa. Akaweka kisu, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi kwenye kompyuta. Aliandika mistari arobaini bila kuinua kichwa. Majaribio yote ya Noortje yakapita, na lile moja nalo likapita.

Hedwig anasema hakuwahi kumwona vile tangu siku ya harusi yao. Alimshika kiuno akacheza naye jikoni, viazi vikiungua.

Kila kilichoandikwa kilipitia kwanza kwa Mechteld, mwalimu wa hesabu wa Leuven aliyekuwa akiliongoza kundi. Mechteld hakuwa mtu wa kusifu. Safari hii aliwaandikia wote: "Sijaona kazi nzuri hivi tangu tuanze." Lieven akaichapisha ile mistari arobaini kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe, ambako yeye peke yake angeiona akichukua kikombe alfajiri. Desemba nzima alitembea kama mtu aliyevaa kiatu kipya.

Januari akaja mgeni. Anselme, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Namur, ana miaka sitini na sita na wakati wa kupoteza. Lieven akampelekea lile swali lake la siku zote. Jibu lilirudi kabla kahawa haijapoa: "Sijawahi kuona hata mstari mmoja. Na wewe, bwana mlinda mlango?"

Ulikuwa utani tu. Lieven alikaa akiutazama mpaka kengele za kanisa zikagonga saa moja, na siku hiyo alichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Alijaribu kuikumbuka ile mistari kumi na mmoja apate kuona kama iliingia katika arobaini yake, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyoogopa kuikumbuka. Kitu kimoja tu kilibaki kichwani: upande wa kulia palikuwa na neno "baki". Akaenda kufungua kabati. Kwenye karatasi yake alikuwa ameliandika mara tatu. Lakini kila anayehesabu kitu huandika baki, wewe na mimi pia. Akafunga kabati. Baada ya muda akalifungua tena.

Hedwig aliyaona mapema, akasubiri. Jioni moja ya supu ya liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, bakuli la Lieven likiwa limepoa bila kuguswa, akasema, "Haya, sema. Ni mwanamke au ni ugonjwa? Dawa ya ugonjwa ninayo."

Akamweleza yote.

"Ndiyo hayo tu?" Hedwig aliuliza.

"Ndiyo hayo."

"Basi fungua tena, ulinganishe na yako. Kama hayafanani, lala."

"Siwezi kufungua. Kufungua ndilo kosa lenyewe."

"Kwa hiyo njia ya kujua kama uliiba ni kwenda kuiba."

"Ndiyo maana yake."

Hedwig aliweka kijiko chini. "Mume wangu, mmejitungia sheria ya ajabu. Sasa nani anajua? Gunther? Gunther hata hakumbuki alikula nini mchana. Nyamaza."

"Noortje alisema ukweli, nikamfungia mlango."

Hedwig alichukua bakuli la mumewe, akaipasha moto supu, akamrudishia.

Februari, kama kila mwaka, watu wa programu huria walikutana Brussels, kwenye kumbi za chuo kikuu zenye baridi ya kutetemesha meno, wikendi nzima ya bia na ubishi. Mwaka huo kundi la Lieven lilikuwa litoe toleo lake kubwa Jumapili mchana, la kwanza lenye tarehe na saa kamili. Jumamosi asubuhi alimkuta Mechteld kwenye ngazi akipanga karatasi zake za hotuba. Akamwambia akiwa amesimama, koti bado mwilini.

Mechteld alisikiliza mpaka mwisho. "Lini?"

"Tarehe mbili Novemba."

"Na leo?"

"Ishirini na sita."

"Ya Februari." Mechteld alizifunga karatasi zake taratibu. "Mimi mistari yako nimeisoma, Lieven. Mara tatu. Nimeisifu mbele ya watu. Unajua maana yake?"

"Na wewe huwezi kuiandika upya."

"Mimi siwezi, na yeyote aliyeisoma kwa sababu niliisifu hawezi. Umetutoa wote kwa mpigo. Ungeniambia siku ile ile, ningecheka. Naapa ningecheka. Ningekununulia bia, ukakaa kando, tukaendelea."

"Niliona aibu."

"Na kesho nani atasimama mbele ya watu mia tatu? Aibu yako nitaivaa mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo sana, na hilo lilimtisha Lieven kuliko kama angepiga kelele. "Nijibu kitu kimoja. Ulinakili?"

Lieven alitaka sana kusema hapana. "Sijui," akasema.

"Heri ungesema ndiyo. Ningejua pa kushika."

Toleo lilitoka Jumapili bila tarehe na saa. Mechteld alieleza sababu kwa sentensi nne, na jina la Lieven akalitaja, maana kwa utaratibu wao halifichwi. Hakumdhalilisha. Lieven alikuwa amekaa safu ya nyuma, akaona vichwa vikigeuka kimoja kimoja, na alitamani Gunther awepo, acheke, ili jambo lirudi kuwa dogo. Watu wawili walimpa mkono walipokuwa wakitoka. Mmoja wa Ufini, aliyekuwa amepanga likizo yake nzima kwa ajili ya toleo lile, alipita bila kumtazama.

Kwenye korido Noortje alimfuata akiwa na kipande cha keki ya chuma, ile ya vishimo inayookwa kati ya vyuma viwili, sukari mpaka puani.

"Hulali?" akamuuliza.

"Tangu Januari."

"Uliniambia. Nilidhani unanitisha." Akaikata ile keki, akampa nusu. "Sisi wa majaribio meza yetu iko kule karibu na choo. Tuko wanne. Kuna kiti."

Kazi ya kuandika upya ilimwangukia Anselme, kwa sababu ya ugeni wake: alijiunga baada ya sifa zile na hakuwa amesoma chochote. Utaratibu ukawa kwamba Lieven asimwambie neno hata moja kuhusu namna ya kufanya. Wale wa majaribio watamuuliza maswali, yeye atajibu kwa programu yake, basi. Jioni ile wote walijikuta kwenye meza moja ya chipsi, Lieven na Anselme wakitazamana. Walikuwa watu wawili tu duniani waliojali saa nane ya pili kiasi kile, na hawakuruhusiwa kuizungumza. Wakaongea kuhusu mvua. Kisha Anselme akasimulia liki za bustani yake, na Lieven akamuuliza huzipanda mwezi gani, na jibu hakulisikia.

Mlango wa wageni alipewa mtu mwingine. Mechteld aliendelea kumwandikia Lieven barua fupi, zenye adabu, zisizo na salamu. Alfajiri Lieven bado aliamka saa kumi na moja, akatunga majaribio. Alikuwa hodari nayo, mtu anayejua hasa pale inapouma, na Noortje alisema maswali yake ni ya kikatili. Anselme alimaliza mwezi wa Agosti, na majaribio yote yakapita, pamoja na lile moja.

Kazi ya Anselme ilikuwa wazi kwa kila mtu kuisoma, Lieven akiwemo. Hakuisoma. Septemba ilipita, na karibu Oktoba yote. Alikuwa amejiwekea shauri ambalo hakumwambia mtu. Anselme hakuona mistari ya kampuni, wala hakuona yake. Kama mtu huyo, peke yake huko Namur, alikuwa amefika pale pale alipofika Lieven akiwa na kiazi mkononi, basi njia ni moja, kila mwenye akili angeipita, na Lieven ni msafi. Tumaini hilo alilitunza miezi miwili, akiogopa kulitumia.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati wa kifungua kinywa, Hedwig alipanda kiti kurudisha nyuma saa ya jikoni.

"Umepewa saa moja ya bure," akasema akiwa juu. "Utaifanyia nini?"

Lieven akafungua kompyuta, akaisoma kazi ya Anselme.

Alikuwa ameifanya kama mwalimu wa jiografia. Alitengeneza orodha ndefu, nchi kwa nchi, ya kila mara watu wa huko walipozigusa saa zao, na programu ilikuwa ikitafuta humo kama mtu anayetafuta mji kwenye faharasa ya ramani. Hapakuwa na kuhesabu muda uliopita, wala hapakuwa na baki popote. Lieven alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena akitafuta hata mstari mmoja wa kumtetea.

Hedwig alishuka kwenye kiti. "Inafanana?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hedwig alifikiri. "Hilo halisemi kwamba uliiba."

"Halisemi."

"Lakini halisemi kwamba hukuiba."

Lieven aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akafungua kabati la vikombe, akaibandua ile karatasi, taratibu ili rangi ya mlango isitoke. Alitaka kuitupa, ila alisimama nayo tu, hajui aanze wapi. Hedwig akaichukua mkononi mwake, akaigeuza upande usioandikwa, akachukua kalamu na kuandika: mikate midogo ya pistole sita, siagi, keki mbili za zabibu.

"Nenda kwa mwokaji," akasema. "Pata hewa kidogo."

Foleni kwa mwokaji ilifika nje, kama kila Jumapili. Watu wawili watatu walikuwa wamesahau kurudisha saa zao na walikuwa wakitaniwa. Lieven aliitoa karatasi mfukoni kuangalia kama ni keki mbili au tatu, ikajigeuza mkononi, akajikuta anasoma mistari yake arobaini, wa kwanza hadi wa mwisho, foleni ikisogea na mama mmoja nyuma akimgusa bega asogee. Tangu Januari hakuwa ameisoma bila woga. Hakukuta hata neno moja la kunyoosha. Ilikuwa nzuri, nzuri mno, kuliko kitu chochote alichowahi kuandika maishani mwake, na hilo ndilo lililomuuma.